Mtoto wa Subira Ataondoka na Kadi Yake

Kifaru, Mwanga
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kuwa chumba umepata na kazini wamekupokea vizuri. Baba yako alipita hapa juzi akitoka sokoni Mwanga, ni mzima, ila goti bado linamsumbua. Huku upepo ni ule ule unaoujua, kutwa unatupulizia vumbi, na Kilimanjaro tunauona asubuhi tu kabla haujajifunika mawingu.

Sasa nije kwenye ombi lako. Umeniomba mtoto wa mbwa wangu Subira. Sikunyimi. Yule jike wa kahawia mwenye mguu mmoja mweupe nimeshamtenga kwa jina lako. Ila hatoki hapa mpaka tuelewane, na ndiyo maana nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu. Haya ni mambo ya kusoma, ukayaweka, ukayarudia.

Wewe mbwa wa gesti hii uliwajua wakati wa likizo, kwa michezo. Mimi nimeishi nao kwenye kazi. Wageni wetu ni madereva wa malori na utingo wao, akina mama wanaotoka kununua perege bwawani Nyumba ya Mungu, walimu wa Ugweno waliokosa gari la mwisho la kupanda mlimani. Wengi wanafika usiku wamechoka, hawana hamu ya kusemeshwa. Subira hulala kizingitini pa mapokezi, kidevu kikiwa juu ya miguu. Lori likipunguza mwendo kule kwenye lami, anainua sikio moja. Likiingia uani, anasimama na kujisogeza pembeni bila kubweka, kwa sababu anajua aingiaye kwa geti ni mgeni wangu. Lakini mtu akija kwa nyuma, kwa miguu, akipitia kwenye mkonge, huyo Subira atamtangazia Kifaru nzima. Hakufundishwa na mtu. Alitazama nani napokea na nani napuuza, akashika.

Watasema, dume lake, hana hekima hiyo. Anampenda kila mtu. Jina nilimpa enzi zile ndugu walipokuwa wakisema mwanamke hawezi kuendesha gesti peke yake barabarani. Kila nilipomwita kwa sauti, waliokusudiwa walisikia.

Mwanangu, jambo la kwanza: usidhani kila mtu anamwona mbwa unavyomwona wewe. Watu wengi wanaomwogopa wana haki kabisa. Mbwa waliowajua ni wale wanaofungwa mnyororo tangu asubuhi, hawapewi maji, wanapigwa mawe na watoto, halafu usiku wanafunguliwa wawe wakali. Mbwa wa namna hiyo ameharibiwa na watu. Kwa hiyo mgeni akisimama getini akaniuliza, "Mama, mbwa wako wanauma?" simcheki wala simwambii asiogope. Nawaita mbwa, nawaingiza kwenye banda lao la nyuma, nafunga komeo naye anaona. Kesho yake asubuhi, mara nyingi, ni yeye mwenyewe anayeuliza wako wapi.

Aliwahi kulala hapa mzee mmoja wa Usangi, mtu wa msikitini. Aliniambia kwa upole kwamba hapendi mbwa amguse, kwa sababu mate yake ni najisi na itamlazimu aoshe nguo kabla ya kuswali. Nikampa chumba cha mwisho upande wa juu, nikampelekea ndoo mpya ya maji na kuhakikisha mbwa hawapiti ukumbi ule. Alfajiri, baada ya swala, alikaa kwenye benchi akamtazama Subira kwa mbali, akanisimulia habari za vijana wa pangoni walioko kwenye sura ya Al-Kahf, ambao mbwa wao alilala mlangoni amenyoosha miguu ya mbele wakati wote waliolala wao. Alisema, "Mlinzi anaheshimiwa, lakini ana mahali pake." Mimi ni Mlutheri, na nimeyashika maneno yale kuliko mengi niliyoambiwa kuhusu mbwa. Tangu hapo kila mgeni anapoandikisha jina namuuliza kwanza kama yuko sawa na mbwa.

Ndiyo maana nakuuliza: jirani zako wa chumba kwa chumba wamesemaje? Ua mnaochangia ni mmoja, bomba ni moja. Mwenye nyumba je? Ukimleta kwa kificho, siku akigundulika atakayetupwa nje ni mbwa.

Jambo la pili ni chanjo, na hapa sitaki maelewano. Kichaa cha mbwa kinapita kwenye mishipa ya fahamu kutoka kwenye jeraha hadi kwenye ubongo, safari ya wiki au hata miezi, na dalili zikishatokea karibu hakuna aponaye. Duniani kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Inaniuma kwa sababu kinga ipo tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa miaka 9 kule Paris naye akaishi. Wataalamu wanasema mbwa saba kati ya kila kumi wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupitia. Kwa hiyo ukimchanja wako, unamkinga na mtoto wa jirani ambaye hata humjui jina. Na mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata mkwaruzo tu, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asipakwe pilipili wala mafuta ya taa.

Kuna na distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa ambao watu hawaujui sana. Ng'ambo ya milima yetu, Mkomazi, mhifadhi Tony Fitzjohn alianza mwaka 1995 kuzalisha mbwa mwitu, wakati ule Mkomazi ikiwa bado pori la akiba. Ilikuja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Mbwa mwitu wanakaribia kwisha Afrika, kwa hiyo kila mtoto aliyezaliwa pale alikuwa wa thamani. Desemba 2000 distempa ikaingia kwenye mabanda. Ndani ya miezi miwili ikaua 49 kati ya 52. Na walikuwa wamechanjwa. Chanjo waliyopewa haikuwafaa. Ugonjwa ni huu huu unaowapata mbwa wetu wa barabarani. Mwaka 1994 uliua theluthi moja hivi ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini ndio waliotajwa kuwa chanzo. Nikiwaza hao 49, huwa sioni taabu kumwita daktari wa mifugo na kumlipa nauli yake. Mbwa wangu wanatembea, wanakutana na mbwa wa wafugaji, na wa wafugaji wanafuata ng'ombe mpaka porini. Hatuwezi kujua pumzi ya Watasema inafika wapi.

Chakula ni rahisi: uji mzito wa dona uliopikwa na dagaa, na mfupa mbichi wa ng'ombe kutoka buchani. Mfupa wa kuku uliopikwa usimpe, unavunjika vipande vyenye ncha kali na kutoboa utumbo. Mabaki yenye vitunguu vingi pia usimpe, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Maji safi kila saa, hasa kwa joto lenu la Dar.

Kupe ndio kazi. Kila jioni, wageni wakishakula, nakaa kwenye kigoda, tochi ya simu nimeing'ata kwa meno, Subira analaza kichwa mapajani pangu. Naanza ndani ya masikio, nashuka shingoni, kisha katikati ya vidole, ndiko wanakojificha wale wadogo kama ufuta. Nawashika kwa kibano karibu kabisa na ngozi, navuta taratibu, natia kwenye kichupa cha spiriti. Nikifika kwenye mguu wa nyuma aliowahi kuumia, anaugusa mkono wangu kwa pua yake, mguso mmoja tu, niende polepole. Kwa saa hiyo nasahau bili ya umeme na mashuka ambayo hayajakauka. Nataka na wewe uipate saa kama hiyo, ndiyo maana sikunyimi.

Utapata na msiba. Simba, yule mbwa uliyemwogelesha mtoni ukiwa darasa la nne, aligongwa na basi hapo mbele. Baba yako ndiye aliyechimba kaburi, chini ya mwarobaini, na dereva mmoja wa lori aliyekuwa akilala hapa kila safari alivua kofia akasimama nasi mpaka mwisho. Baada ya hapo nilijenga ukuta wa mbele na kuweka geti linalojifunga lenyewe. Kwako hakuna lami mlangoni, lakini bodaboda zipo. Geti lenu linafungwa?

Sasa watoto wana wiki tano. Kabla ya wiki nane hawaachi ziwa. Chanjo ya distempa ataianzia hapa, na ya kichaa nataka aipate hapa hapa akitimiza miezi mitatu, kwa hiyo hesabu likizo yako hapo. Nijibu kwa maandishi: mwenye nyumba amesemaje, jirani wamesemaje, na nani atampa maji wewe ukiwa kazini. Kama majibu bado hayajakaa sawa, abaki hapa kwa jina lako, nami nitamlea. Jina mchagulie wewe, nianze kumzoesha.

Njoo mwenyewe kumchukua. Usimwagize kondakta, mtoto wa mbwa hawekwi kwenye buti la basi kutoka Kifaru hadi Dar es Salaam. Tafuta kikapu kipana chenye mfuniko, na nitumie mapema kanga yako moja kuukuu niitandike wanapolala. Kadi yake ya chanjo nitaiweka kwenye droo ya mapokezi, juu ya daftari la wageni.

Wasalimie wote hapo.

Shangazi yako