Utamu wa Sauti ya Dhalimu

Mwanzoni nilicheka. Katika M. Il figlio del secolo, tamthilia ya Kiitalia ya sehemu nane iliyoonyeshwa na Sky mwaka 2025, Mussolini, akiigizwa na Luca Marinelli, humgeukia mtazamaji akamsemeza kama rafiki wa barazani. Nilipotambua kuwa nimeanza kumpenda, niliona haya.

Mimi ni mfasiri. Hatari hiyo naijua. Nilipata kuitia Kiswahili hotuba ya dhalimu katika mchezo wa jukwaani, nikaipamba kwa vina na mizani. Hadhira ikampigia makofi. Kwa miaka mingi nilijilaumu.

Tamthilia hii haiuogopi mvuto huo, huufanya chambo. Tukishanaswa, hutuonyesha gharama yake. Mbunge Giacomo Matteotti, aliyewashutumu Mafashisti bungeni, alitekwa mjini Roma tarehe 10 Juni 1924, akauawa. Tarehe 3 Januari 1925 Mussolini alisimama Bungeni, akajitwika dhamana ya yote yaliyotendeka, akawataka wabunge wamshitaki wakithubutu. Hakushitakiwa.

Usiku ule nilifungua daftari la zamani, nikaisoma tena hotuba yangu. Vina sikuvifuta. Asiyeuonja utamu ule hatajua kwa nini wengi walinyamaza.