Gari Kuukuu na Utamaduni wa Kutunza

Neno utamaduni likitajwa mbele ya wanafunzi wetu, mara nyingi mawazo yao hukimbilia ngoma, mavazi na masimulizi ya mabibi kando ya moto. Hawakosei, ila hawajafika mwisho wa safari. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, aliueleza utamaduni kuwa kiini na roho ya taifa. Tena hapo hapo alitahadharisha kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa mataifa mengine limepotewa na akili. Basi yafaa tuulize: kitu kilichoundwa ugenini, kikaletwa kwetu kwa meli, kikatunzwa kwa mikono yetu kwa nusu karne, je, hakina nafasi katika mazungumzo haya? Sisi twaona kinayo. Tutazungumza juu ya gari letu kuukuu la mashindano, na juu ya kosa letu ambalo nusura lituondolee mtoto.

Sisi tuandikao haya ni mtumishi wa Serikali mjini Mwanza na mtunga mashairi wa jioni. Elimu yetu ni ya sekondari, na kazi yetu ni majalada. Kwa miaka 12 sasa tunalo gari aina ya Datsun 1600 SSS, lililotengenezwa Japani mwaka 1971. Tulilinunua kwa warithi wa mfanyabiashara mmoja wa pamba, likiwa limelala chini ya turubai, kuku wakitaga katika kiti cha nyuma. Asiyelijua hupita bila kugeuza shingo, maana umbo lake ni la gari la karani: milango minne, pembe nne, adabu tupu. Lakini ndani mna injini yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,595 na kabureta mbili. Magurudumu ya mbele yana breki za diski, na kila gurudumu la nyuma lina springi yake, lapanda na kushuka bila kumwuliza mwenzake. Moyo wa mkimbiaji umevikwa suti ya ofisini.

Kwa nini gari hilo, na si jingine? Sababu ni marehemu baba yetu. Yeye alikuwa mpimaji wa pamba katika chama cha ushirika, naye alizipenda mbio za Safari kama wengine wapendavyo kandanda. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, juu ya udongo ambao mvua ikinyesha hugeuka ugali. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1968 yakafika 7 tena. Mwaka 1970 ushindi ulikwenda kwa Edgar Herrmann wa Kenya, akiendesha Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata akashinda tena, sasa kwa Datsun 240Z, gari la michezo lenye pua ndefu na silinda 6; na mwaka 1973 gari la namna hiyo hiyo likampa ushindi Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda.

Hata hivyo, aliyesifiwa zaidi nyumbani kwetu alikuwa Joginder Singh, fundi wa magari wa Nairobi. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika, gari ambalo wengine walikwisha kuliona limechoka. Baba alikuwa akirudia kisa hicho kila mara tulipoomba viatu vipya. "Joginder alishinda kwa gari la zamani," angesema, "kwa sababu alijua kila msumari uliomo." Viatu hatukupata, lakini neno lilikaa.

Mbio zenyewe baadaye zilibaki Kenya peke yake, zikatoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, na kurejeshwa mwaka 2021. Na tangu mwaka 2003 yapo mashindano mengine ya Afrika Mashariki yaliyotengwa kwa magari ya zamani tu, nayo kwa miaka kadhaa yameingia hata Tanzania. Watu wazima hutoka mabara ya mbali kuja kuyakimbiza katika vumbi letu magari yenye umri wa baba zao. Jambo hilo si wazimu mtupu. Gari la zamani halina mitambo ya kumficha dereva makosa yake. Likiendeshwa vibaya husema, tena kwa sauti.

Gari letu lilifufuliwa na mzee mmoja fundi, mwenye gereji yake chini ya mwembe, upande wa Mabatini. Mwanza ni mji wa mikono. Hata mtaa wa Makoroboi umechukua jina lake kwa taa za koroboi zilizofuliwa humo kutokana na makopo matupu; kilichotupwa na tajiri kikawa nuru ya maskini. Mzee wetu ni wa ukoo huo wa kazi. Hana kompyuta. Akitaka kujua ugonjwa wa injini huweka ncha ya bisibisi juu ya chuma na mpini wake sikioni, akafumba macho. Vali huzipima kwa bati jembamba kama ukucha: robo ya milimita kwa vali za kuingiza, na kidogo zaidi kwa vali za kutolea moshi. Platini huzisugua kwa msasa laini. Na kabureta zile mbili huzilinganisha kwa kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, ncha ya pili kwenye kinywa cha kabureta, kisha kinywa cha pili, akigeuza skrubu hadi pumzi zote mbili zitoe mvumo mmoja.

Mara ya kwanza tulipomwona akifanya hivyo, tulijiona tuko nyumbani. Mtunga shairi naye huukata mshororo vipande viwili, akavisikiliza kama vyapumua sawa. Kipande kimoja kikizidi mizani, ubeti wote huchechemea. Tulimweleza Mzee. Akacheka, akasema, "Ng'wanawane, kumbe nasi tu washairi, ila wino wetu ni grisi."

Lakini mwanadamu hatosheki, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Baada ya miaka kadhaa ya kwenda Nyegezi na kurudi kwa heshima, tulianza kutamani kasi. Tuliweka akiba ya mwaka mzima, tukaagiza kabureta kubwa zaidi, bomba la moshi pana, na kamshafti ya kuzifungua vali kwa muda mrefu zaidi. Siku tulipomletea Mzee sanduku, alivitazama vitu vyote, akavisifu, kisha akauliza, "Na breki?"

Tukajibu kwamba breki ni nzima.

"Nzima kwa mwendo wa jana," akasema. "Unataka kumwongezea ng'ombe nguvu na kamba ni ile ile. Tuanze na mafuta ya breki, na pedi, na liningi za nyuma. Kabureta zingoje."

Fedha zilizobaki zilikuwa kidogo, na hamu ilikuwa kubwa. Tulimwomba aanze na kabureta. Breki tungezifanya mwezi ujao. Mzee alifanya alivyoombwa, kwa kuwa gari ni letu, lakini hakusema tena siku ile. Yatupasa kukiri kwamba gharama ya mafuta mapya ya breki haikufikia hata gharama ya chai tuliyowanywesha marafiki waliokuja kusikiliza mngurumo mpya.

Mwezi ujao ulikuja na kupita. Ndipo kikundi cha wapenzi wa magari kikaandaa mazoezi ya kukimbiza magari katika uwanda wa Misungwi, wakati wa kiangazi, mpunga ukiwa umekwisha vunwa. Njia ilikuwa ya mviringo, ya vumbi gumu, urefu wake kama kilomita 3, bila watu wala mifugo. Kila gari lilipewa mizunguko 6. Mwanetu, wakati huo akiwa na umri wa miaka 16, aliomba kuketi pembeni yetu. Tulimfunga mkanda, tukamvika kofia ngumu.

Mizunguko mitatu ilikuwa raha tupu. Mzunguko wa nne tulihisi kanyagio la breki limelegea kidogo, tukajiambia ni mguu uliochoka. Mzunguko wa tano, mwisho wa mnyoofu mrefu kuliko yote, tulikanyaga breki na kanyagio likazama hadi sakafuni kama mguu uingiao matopeni. Mbele yetu kulikuwa na kona, na nyuma ya kona jiwe, yale mawe ya Mwanza ambayo wageni huyapiga picha. Tulishusha gia ya tatu, kisha ya pili; injini ikalia; tukavuta breki ya mkono, gari likageuka ubavu, likaiacha njia na kuingia katika majaruba makavu, likaruka matuta mawili na kusimama. Vumbi lilipotulia, jiwe lilikuwa upande wa mlango wa mwanetu, umbali wa hatua chache. Kijana hakulia. Alisema tu, "Baba, mbona hukusimama?"

Hatukuwa na jibu. Mama yake alipoambiwa, hakusema nasi kwa siku tatu, naye alikuwa na haki.

Wanafunzi wa fizikia wataelewa upesi yaliyotokea. Breki huusimamisha mwendo kwa kuugeuza kuwa joto, na kasi ikizidishwa mara 2, nishati ya kugeuzwa huwa mara 4. Joto hilo hupita katika pedi hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo, yakiwa mapya na ya aina ya kawaida, huchemka yafikapo nyuzi 205 hivi za sentigredi. Lakini yana tabia ya kunywa maji yaliyomo hewani kidogo kidogo, na yakisha kunywa vya kutosha, kiwango hicho huweza kushuka hadi karibu nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hukubali kubanwa. Basi mguu wa dereva unabana mvuke, na gurudumu halipati habari. Sisi tulikuwa na mafuta ya miaka mingi, katika hewa ya ziwa, na nguvu mpya ya kuyachemsha.

Gari lilivutwa hadi kwa Mzee. Hakutusuta. Alimwita mwanetu, akampa spana na chupa tupu, akamwelekeza kuyatoa mafuta ya zamani. Yakatoka meusi kama chai ya rangi iliyochemshwa mchana kutwa. Akayaweka kando ya mafuta mapya, ambayo karibu ni meupe kama maji, akamwambia kijana, "Tazama. Hiki ndicho alichokuwa akikanyaga baba yako." Chupa ile ya mafuta meusi tunayo hadi leo, juu ya rafu, kando ya kamusi.

Ndugu msomaji, tumesimulia haya kwa sababu kosa letu si la magari peke yake. Mara kwa mara huzuka ubishi baina ya wanaotaka utamaduni ubaki kama ulivyorithiwa na wanaotaka ubadilishwe upesi uende na wakati. Fundi wetu hakuwa upande wowote kati ya hizo mbili. Hakukataa kabureta kubwa. Alitaka kwanza kijulikane kile kinacholizuia gari lisianguke.

Tutazame kwetu Usukumani. Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma baada ya mavuno, na ushindi ni wa yule avutaye watazamaji wengi. Kwa hiyo kila kundi hubuni vituko vipya na nyimbo mpya. Lakini kabla ya yote ngoma huwambwa na kukaushwa motoni, kwa kuwa ngozi iliyolegea haiokolewi na kituko chochote. Au tuchukue ushairi. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, akiacha vina na mizani, ulizuka mgogoro mkubwa. Sisi wapenzi wa vina, ujanani, tulikuwa upande wa waliokasirika. Leo twaona kwamba msomi yule, aliyefundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliijua vema kanuni aliyoiacha. Aliyeanguka ni yule mwigaji aliyeacha mizani kabla ya kujifunza kuihesabu. Huyo ni ndugu yetu wa Misungwi.

Mzee wetu sasa macho yake yamepungua nuru, na vijana waliokuwa wakimsaidia wametawanyika, wengine kwenye pikipiki, wengine uvuvini. Vyuo vya ufundi vipo na vinafanya kazi njema, lakini sikio lile la bisibisi na mpira wa maji halimo katika vitabu. Twawaomba walimu wawapeleke wanafunzi gereji kama wanavyowapeleka makumbusho ya Bujora. Waandike majina ya vifaa, wamwulize fundi kwa nini kila kitu hufanywa hivyo, na nani alimfundisha. Hayo nayo ni masimulizi ya wazee.

Kwa upande wetu, kila baada ya miaka miwili mafuta ya breki hubadilishwa. Kazi hiyo ameishika mwanetu, nasi hukaa pembeni kushika taa. Mzee akiwa na nafuu huja kuketi juu ya kigoda, hukisikiliza kila kipande kwa sikio lake, na kabla hatujawasha injini huuliza swali lile lile: "Na breki?"