Amplifaya ya kunguruma si kelele tu

Huenda umewahi kupanda matatu ya Ukunda kwenda Msambweni, ukasikia kutoka kibanda cha fundi mngurumo kama wa trekta linalopanda mlima, ukajiuliza ni mwendawazimu gani huyo. Basi mwendawazimu mwenyewe ni mimi. Kazi yangu ni kutengeneza redio, spika na amplifaya za magitaa. Kabla ya hapo nilipiga gitaa la ridhimu katika bendi za hoteli za Diani, hadi watalii walipotoweka baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997 na bendi nyingi zikavunjika. Mngurumo huo umezua mjadala katika ukoo wetu, na mjadala wenyewe una pesa ndani yake.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ameendesha tuktuk miaka miwili akiweka akiba. Mama yake anataka anunue pikipiki amkabidhi kijana mwingine, iwe inaleta chochote jioni. Mwenyewe anataka amplifaya ya roki, ile inayokwaruza. Kwetu Wadigo neno la mjomba si dogo. Hapo kale hata urithi ulitoka kwa mjomba ukaenda kwa mpwa, kabla sheria ya Kiislamu haijashika mahali pake. Kwa hivyo dada alimleta kijana kibandani akasema, "Kaka, zungumza naye wewe, mimi hanisikii." Sikuzungumza. Nilimpa gitaa.

Hebu tuelewane kwanza. Sisi tuliokulia muziki wa Pwani tulifundishwa kwamba gitaa ni lazima lisikike safi. Fundi Konde, mwana wa Kilifi na miongoni mwa Wakenya wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme, alilipiga safi. Wana Kinyonga waliotoka Tanga wakaja Kenya wakaunda Simba Wanyika, vivyo hivyo. Na ukitaka kujua usafi ni nini, sikiliza ridhimu ya Omar Shabani katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Kila uzi unasikika peke yake, kama shanga zinazohesabiwa.

Amplifaya ya kunguruma hufanya kinyume. Umeme utokao kwenye gitaa ni mdogo sana. Hupitishwa kwenye valvu, zile chupa za kioo zinazowaka kama taa ya koroboi, valvu ya kwanza ikaukuza, ya pili ikaukuza zaidi, ya tatu tena, hadi mawimbi yanagonga dari na vichwa vyake kukatwa. Huko kukatwa ndiko kunakozaa mkwaruzo. Tena sauti ndogo na kubwa husogeleana, na noti moja hudumu hewani muda mrefu kama mtu anayevuta qasida kwa pumzi moja.

Wazee husema huo ni ushenzi wa Kizungu. Mimi siafiki. Aliyewahi kusimama karibu na mpiga zumari kwenye sengenya anajua kwamba sikio la Mdigo limezoea mkwaruzo tangu zamani. Zumari halina usafi wowote; linapasua ngoma katikati ndiyo maana mchezaji hulisikia. Gitaa la roki nalo limepewa koo la zumari, basi.

Siku ile mezani palikuwa na amplifaya tatu, zote za wateja. Ya kwanza ni Marshall JCM800, aina iliyoanza kuuzwa 1981. Mwenye kampuni, Jim Marshall, alikuwa na duka la ala za muziki London, na mwaka 1962 mafundi wake walianza kwa kuiga Fender Bassman ya Marekani. Sauti yake imejaa katikati, si nzito chini wala si kali sana juu, na inabweka. Ukigusa uzi inajibu papo hapo. Haikusitiri: ukikosea, mtaa mzima umejua.

Ya pili ni Peavey 5150, ya 1992, iliyotengenezwa pamoja na Eddie Van Halen. Hii ina mkwaruzo wa kumwaga. Ukiziba nyaya kwa kiganja na kupiga, sauti hutoka imefumbatwa kama ngumi, na kifua chako kinaisikia kabla ya sikio. Hizi ndizo sauti za metali. Mwaka huo huo Mesa/Boogie wa California walitoa Dual Rectifier, ambayo nimewahi kuifungua mara moja tu, mali ya mgeni mmoja aliyehamia Galu. Hiyo besi yake ni pana, na ina swichi ya kuchagua umeme upitie valvu au dayodi. Kwa valvu, ukipiga kwa nguvu umeme hulegea kidogo kisha ukarudi, na mkono unahisi kama unakanyaga mchanga wa ufuoni. Kwa dayodi ni kama kukanyaga saruji.

Ya tatu, Roland JC-120, ni ya transista, aina iliyotoka 1975, na ni safi kama maji ya mvua. Tuliipenda hotelini kwa sababu haikutusumbua. Ukiipachikia kidude cha mkwaruzo cha kukanyaga kwa mguu, hutoa sauti ya nyuki ndani ya kopo. Roki sitaiombea kwake.

Kuna na hili la stima. Eddie Van Halen alijulikana kwa kupunguza umeme unaoingia kwenye amplifaya yake ili sauti ilainike. Sisi jioni, watu wote wakiwasha taa na friji, hufanyiwa hivyo bure! Ila wanaonunua mitumba ya Marekani nawaonya: ile ya volti 120 ukiichomeka ukutani kwetu kwenye 240, fyuzi ikikuhurumia una bahati. Na hewa ya chumvi hula miguu ya valvu na vitufe vya volyumu. Nusu ya "ugonjwa" ninaoletewa ni kutu.

Kijana alianza na Peavey, akacheka kwa furaha. Nilijua ndiyo aliyoitamani. Akapiga nusu saa, kisha akanyamaza. "Mjomba," akasema, "nikipiga taratibu na nikipiga kwa nguvu ni sawasawa." Akahamia Marshall. Mara tatu akakosea, mara tatu ikamsema, na hakuinuka hadi adhuhuri. Niliona pia, bila kumwambia, kwamba akipunguza volyumu kwenye gitaa lenyewe Marshall husafika kiasi cha kupigia chakacha harusini, na harusi ndizo zinazolipa huku kwetu. Vipuri vyake ni vichache na ndani mna nafasi ya koleo. Tatizo lake ni moja: utamu wake hutoka ikipazwa, na meneja wa hoteli hataki kupazwa.

Mwenye Marshall, mpigaji aliyestaafu, amekubali kuiuza. Kijana amelipa nusu, nusu nyingine atailipa kidogo kidogo. Ijumaa dada alikuja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasikiliza nyimbo mbili mikono ikiwa mapajani. Hakusema nzuri wala mbaya. Aliuliza tu inakula stima kiasi gani. Nikamwambia ikipigwa kwa nguvu ni kama balbu tatu au nne za zamani, zile za wati 100.

"Basi tokeni atanunua mwenyewe," akasema, akajifunga leso, akaenda kutafuta gari la Msambweni.