Tusione Haya Kusema: Mchaniko wa Njia ya Haja Kubwa



Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura. Kila mwaka nawasomesha watoto mlango wa tahara na istinjai, na huwaambia kuwa katika kujifunza dini hakuna haya. Lakini nilipougua mimi mwenyewe sehemu hiyo, nilinyamaza miezi miwili.

Kila nikienda haja kubwa nilisikia maumivu makali kama ya kukatwa na wembe, na baadaye moto uliobaki hata saa nzima. Wakati wa kuchamba niliona damu nyekundu. Nikaanza kuiogopa haja na kuizuia. Choo kikazidi kuwa kigumu, na kidonda kikachanika upya. Nikawa nasomesha nimesimama. Mke wangu ndiye aliyenibana mpaka nikasema, akanipeleka kwa daktari.

Baada ya kunipima, daktari alisema si saratani kama nilivyokuwa nikiwaza usiku, wala si bawasiri, ambayo mara nyingi hutoa damu bila maumivu makali. Ni mchaniko mdogo wa ngozi, unaoletwa mara nyingi na choo kigumu, na wengi hupona nyumbani kwa wiki chache.

Akaniagiza haya: ninywe maji ya kutosha, nile mapapai, maharage na lengalenga, niitikie haja inapokuja wala nisijikamue kwa nguvu, nikae katika beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, nistanji kwa maji taratibu bila sabuni kali, kisha nijikaushe kwa kitambaa laini. Baada ya wiki nne maumivu yaliisha, alhamdulillah.

Lakini zikipita wiki sita bila kupona, au damu ikiwa nyingi au nyeusi, au ukiwa na homa, usaha au unakonda, usikae nyumbani, nenda hospitali.

Nanyi wazazi, mtoto anayebana haja au kulia chooni msimkaripie. Mwulizeni kwa upole.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa haya ni katika imani. Ametufundisha pia kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, na akatuamuru tujitibu. Basi haya isitufanye tuumie kimya.

Wabillahi tawfiq.