Rangi ya Mdalasini: Kumpaka Rangi Hudihudi wa Mti

Hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa. Katika somo la uchongaji tuliwapa wanafunzi kazi ya kuchonga hudihudi, pamoja na maelezo ya kitabu cha zamani yaliyosema kwamba kichwa na kifua chake ni vya rangi ya mdalasini. Tukatafuta kopo la akriliki lenye jina hilo, tukaliweka mezani. Mwanafunzi mmoja hakuligusa. Alikwenda sokoni, akarudi na gome la mdalasini, akachanganya rangi mpaka zikalingana nalo. Tulimpunguzia alama kwa kutofuata maagizo.

Baadaye ndipo tulipojiuliza: mdalasini wa nani? Wataalamu wa ndege hawakuandika majina hayo ovyo. Mwaka 1814 Patrick Syme wa Edinburgh alitoa kitabu cha rangi ambacho kila rangi ilitafutiwa mfano wa mnyama, mmea au madini. Charles Darwin alikuwa nacho katika merikebu ya Beagle. Mwaka 1912 Robert Ridgway, mtaalamu wa ndege wa Marekani, alichapisha majina 1,115, kila moja na kipande chake cha rangi. Basi “mdalasini” wa mwandishi aliyemfuata Ridgway si gome wala si kopo, bali ni kipande fulani katika ukurasa fulani. Mtengenezaji wa rangi wa leo hafungwi nacho. Hata vipande vyenyewe hubadilika kwa umri, ndiyo maana wataalamu wa baadaye walivipatanisha na namba za Munsell, zinazotaja aina ya rangi, weupe au weusi wake, na ukolezi wake. (Mswahili asicheke: “damu ya mzee” yetu nayo haijapimwa na mtu.)

Siku hizi tunaanza na kibao. Mwanafunzi hupaka mchanganyiko wake juu ya kipande cha mti ule ule anaouchonga, chenye rangi ya msingi ile ile, akangoja ukauke, maana akriliki ikikauka hukoza. Kisha hukipeleka dirishani penye mwanga wa mchana, si chini ya taa, akakilinganisha na unyoya. Jina huandikwa mwisho.

Unyoya wa kwanza tuliouokota uwanjani ulikuwa na wekundu kuliko kopo letu; ulikaribiana zaidi na lile gome. Alama za kijana yule tulizisahihisha daftarini, ila alikuwa amekwisha kuhitimu na kuondoka.