Kutoka Embu Hata Meru: Mwendo wa Ndege na Mwendo wa Barabara

Mji wa Embu umejengwa katika mitelemko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, na mji wa Meru uko upande wa kaskazini-mashariki wa mlima huo huo. Katika ramani miji hii ni majirani. Hata hivyo, msafiri wa basi huona saa mbili zikipita, na pengine zaidi, kabla ya kufika. Sababu yake yafaa kuelezwa.

Kila mtu mwenye ramani aweza kupima mwendo wa ndege. Embu iko dakika 32 hivi kusini ya Ikweta, na Meru iko dakika 3 hivi kaskazini yake. Dakika hizi si za saa, bali ni sehemu za digrii. Digrii moja ina dakika 60, na juu ya nchi ni sawa na kilometa 111. Basi dakika 35 ni kama kilometa 65. Tena Meru iko mashariki zaidi ya Embu kwa kilometa 22 hivi. Ukiunganisha hesabu hizo, mstari ulionyooka una urefu wa karibu kilometa 68. Ndege ndogo iendayo kilometa 240 kwa saa hukata kilometa 4 kila dakika. Kwa hiyo ingemaliza safari kwa dakika 17, bila kuhesabu kupaa na kutua.

Barabara yapitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, na urefu wake ni karibu mara mbili ya mstari huo. Wala si kosa la waliopima njia. Mvua ya mlimani huteremka mashariki kuelekea mto Tana, nayo kwa miaka maelfu imechimba mabonde yenye kina kirefu. Barabara yakata mabonde hayo moja baada ya jingine: Thuci, uliopo mpakani mwa Embu na Tharaka-Nithi, kisha Ruguti, Nithi, Mutonga na mingineyo. Kila mto hudai mteremko, daraja na mpando. Njia ya Embu hata Nairobi ni kinyume chake. Ndege huenda kilometa 110 hivi, na barabara huzidi kidogo tu, kwa kuwa sehemu kubwa yake hupita katika nchi iliyo wazi.

Hesabu hii si mchezo wa watoto wa shule. Dereva anayeiona Meru kuwa karibu hushawishika kukimbia ili afupishe saa. Lakini daraja la Nithi liko chini ya miteremko mikali yenye kona. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitoka barabarani hapo likaanguka bondeni, na watu zaidi ya 30 wakafa. Gari zito lateremshwa kwa gia ndogo tangu juu, maana breki zikitumiwa mfululizo hupata moto na kushindwa kushika.

Basi mkulima apelekaye mazao sokoni, na karani aliyeitwa kazini Meru, wasipange safari yao kwa rula. Wahesabu mito, waondoke mapema, wala wasimhimize dereva. Ndege haina bonde la kuvuka. Gari linayo mengi. Mwenda pole hajikwai.