Bibi Alivuka Ruvuma Akiwakimbia Wareno, Mjukuu Anaomba Kusoma Kwao

Binti yangu wa kwanza, anayesomea sayansi ya bahari katika chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam, ameomba nafasi ya kusoma muhula mmoja nchini Ureno. Nimeona niandike habari yake kwa sababu wazazi wengi wa huku Mtwara wameniuliza maswali, na kwa sababu ombi lenyewe lilifukua nyumbani kwetu jambo ambalo halikutajwa kwa takriban miaka sitini.

Kwanza nieleze mabadilishano haya ni nini, maana wengi huyachanganya na ufadhili wa shahada nzima, kama ule wa serikali ya Uturuki au wa vyuo vya Madina na Al-Azhar. Hapa mwanafunzi habadilishi chuo. Anabaki kuwa mwanafunzi wa Tanzania, anakwenda kusoma ugenini kwa muhula mmoja au miwili, kisha anarudi na alama zake kumalizia shahada yake hapa. Mpango maarufu zaidi ni ule wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus, ulioanza mwaka 1987 kwa ajili ya nchi za Ulaya zenyewe, na mwaka 2015 ukafungua mlango kwa vyuo vya nchi nyingine, zetu zikiwemo. Vyuo viwili huandikiana mkataba. Mwanafunzi halipi ada huko aendako, hupewa nauli na posho ya kujikimu, na kabla hajaondoka husaini waraka wa masomo pamoja na vyuo vyote viwili, ili masomo atakayofaulu yahesabiwe nyumbani. Maombi hupitia chuo chake mwenyewe. Anayemwambia mzazi atume fedha kwa simu ili mtoto "awekwe kwenye orodha" ni tapeli, hata akivaa kanzu.

Lililotutikisa ni jina la nchi.

Mama mkwe wangu amezaliwa ng'ambo ya Ruvuma, jirani na Kionga. Wasomaji wa bara huenda hawajui kwamba Kionga ilikuwa chini ya Wajerumani pamoja na Mikindani yetu, hadi Wareno walipoichukua mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu. Mpaka ulihama, watu hawakuhama. Hadi leo huku Msimbati na Kilambo mtu ana shangazi upande mmoja na mjomba upande wa pili, na harusi huvushwa kwa mtumbwi. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, mama mkwe alikuwa msichana mdogo. Baba yake alichukuliwa na askari wa Kireno, asionekane tena. Mama yake akawapandisha watoto watatu mtumbwini usiku, wakavuka mdomo wa mto kupitia mikokoni. Wakimbizi wengi walipelekwa makambini, kama lile la Rutamba mkoani Lindi. Wenye jamaa walipokewa na jamaa zao. Yeye alikulia Msimbati, akaolewa Msimbati, na kila alipoulizwa kwao ni wapi alijibu Msimbati.

Mjukuu alipotamka neno Ureno, bibi aliweka chini ungo wa mchele aliokuwa akiupepeta. "Mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo anavyomtania siku zote, "dunia nzima umeiona, ukawachagua hao?" Kisha akainuka akaenda kutia udhu, na Adhuhuri ilikuwa bado.

Huenda maneno yangeishia hapo, lau si pasipoti. Mwombaji hutakiwa kuleta cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo badala yake. Binti yetu alikuwa na vyote vyake. Baba yake, kama wanaume wengi wa rika lake waliozaliwa vijijini pwani hii, hakuwa na cheti. Kikahitajika kiapo cha mtu aliyeshuhudia kuzaliwa kwake, na aliyebaki hai ni mmoja tu, naye ni huyo mama yake. Katika ofisi moja tulielezwa kwamba mwapaji naye ataje alikozaliwa.

Mbele ya sheria, mume wangu na binti yetu hawana shaka. Wamezaliwa hapa, na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtambua aliyezaliwa nchini naye ana mzazi raia. Marehemu baba mkwe alikuwa mwenyeji wa Msimbati, na kaburi la babu yake liko huko huko. Lakini anayeishi mpakani anajua kwamba sheria ni kitu kimoja na hofu ni kitu kingine. Mzee mwenye asili ya ng'ambo amesikia kauli za "hawa wakuja" sokoni na kwenye foleni, akajifunza kunyamaza. Wapo ndugu walioomba bibi aandike Msimbati tu, yaishe. Mume wangu alikataa. Alisema hawezi kumwapisha mama yake kwa jina la Mwenyezi Mungu juu ya jambo lisilo kweli ili mtoto akapate elimu. Nilimuunga mkono, ingawa nilijua kwamba kumwambia mama ukweli huo ulikuwa mzigo wake yeye, si wetu.

Bibi alifikiri siku tatu. Siku ya nne, baada ya Alfajiri, alimwita mwanawe akamwambia, "Andikeni Kionga. Nimechoka kuzaliwa nisikozaliwa." Tulikwenda mjini Mtwara kwa wakili, akaapa, akabonyeza dole gumba. Tukalipa shilingi 150,000 za pasipoti. Karani aliyepokea kile kiapo alikisoma, akagonga muhuri, wala hakuinua kichwa. Bibi alipoambiwa kwamba hakuna aliyeuliza neno, alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza kama tumekumbuka kununua mafuta ya taa.

Baada ya hapo ndipo likaja suala la mahram. Silidharau, wala sipendi wanaolidharau. Tulimwendea shekhe wetu, akatueleza kwamba hadithi zinazomkataza mwanamke kusafiri bila mahram ni sahihi na zimo katika Bukhari na Muslim, na kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi wapo wanazuoni walioruhusu safari ya Hija ya faradhi kwa mwanamke akiwa pamoja na wanawake waaminifu. Wa zama hizi wamehitilafiana kuhusu kulipanua hilo katika safari nyingine zilizo salama. Hakutupa jibu jepesi. Alituuliza atasafiri na nani, atalala wapi, na nani ataulizia habari zake. Majibu tulikuwa nayo. Waombaji kutoka chuo chake ni wasichana watatu, watasafiri pamoja wakijaaliwa, na watakaa bweni la wanawake. Mume wangu aliridhika, nami nikaridhika.

Lakini niseme la moyoni. Waliokuja kutukemea ni watu ambao mabinti zao hupanda basi peke yao kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, takriban kilomita 560, na haijapata kuitishwa shura. Na wasichana wanaopelekwa Uarabuni kufanya kazi za ndani, katika nyumba za watu wasiowajua, husindikizwa kwa dua na vigelegele. Mbona neno mahram hutafutwa pale tu mtoto wa kike anapofuata kitabu? Wengine nao, kwa kututetea, walitukumbusha ile kauli mashuhuri ya kutafuta elimu hata China. Nawashukuru, ila wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha, na hoja yetu haikuihitaji.

Kuhusu barua ya kueleza nia, ambayo kwa maoni yangu ndiyo roho ya ombi lote, nina machache kwa wazazi wenzangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na Kiingereza cha binti yangu kimenipita, lakini barua mbaya naitambua katika lugha yoyote. Ya kwanza aliyoandika ilikuwa ya kuomba sadaka: natoka familia duni, mkoa ulioachwa nyuma, naomba mnisaidie. Nilimrudishia. Nilimuuliza, wewe unajua nini ambacho wao hawakijui? Akaanza upya. Akaandika juu ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, na vijiji ndani yake. Akaandika jinsi mto unavyoshusha tope na kuihamisha michanga, hata mikoko iliyosimama utotoni mwake sasa imelala. Akaandika juu ya wanawake wanaookota chaza na kome maji yakitoka, wanaojua miezi ya kupungua kwake bila chombo chochote. Kisha akaeleza kwamba kusini mwa Ureno kuna wangwa mkubwa uitwao Ria Formosa, wenye majani ya bahari na wavunaji wa chaza kama wetu, na kwamba anataka kuona wao wanaupimaje. Barua hiyo sikuigusa.

Sehemu hiyo ya Ureno inaitwa Algarve. Ni neno la Kiarabu, al-gharb, yaani magharibi, maana Waislamu walitawala huko tangu karne ya 8 hadi mji wa Faro ulipotekwa mwaka 1249. Mume wangu alipolisoma hilo alimsomea mama yake kwa sauti. Bibi hakuvutiwa na habari za wafalme. Kilichomshtua ni kusikia kwamba mkorosho, mti uliolipa ada za wajukuu wake wote, uliletwa pwani hii na Wareno kutoka Brazil, na kwamba jina kanju limetokana na lugha yao. Alisema basi angalau wana deni dogo kidogo kuliko alivyodhani.

Korosho za msimu huu ndizo zimelipa pasipoti, na nyingine tumeziwekea visa na bima, kwa kuwa posho haitangulii kabla ya gharama hizo.

Maombi yamepokelewa, na majibu hayajafika. Binti amerudi chuoni. Juzi bibi alisikia kwamba Lisbon kuna msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 1985, na kwamba Waislamu wengi wa huko ni familia zilizohamia kutoka Msumbiji baada ya uhuru wa 1975. Akaniomba niandike jina la baba yake na la kijiji chake kwenye karatasi, mjukuu akijaaliwa kwenda aitie ndani ya pasipoti, akaulize wazee pale baada ya sala. Nilimweleza kwamba wengi wao walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, na miji yao ilikuwa mbali na Kionga.

"Mbali kwa nani?" akaniuliza, akanisogezea kalamu.